Matembele, mchicha na kotmiri kwenye viroba kwa sisi tunaopanga Dar

Jamani ukiwa na pembeni ya ukuta pa kuweka viroba viwili vitatu huna haja ya kununua mchicha kila jioni, na mfano kotmiri ndo kabisa, unanunua kifungu leo kesho kimeshanyauka.

Chukua kiroba cha kilo 50, toboa matundu chini. Udongo changanya ndoo mbili za udongo kwa ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri, ile ambayo ukiinusa haina harufu kali. Samadi mbichi ya kuku usiiguse, inaunguza mizizi.

Sasa hapa kwenye kujaza ndo pa kuzingatia, maana viroba vingi vinakufa kwa maji kuishia juu wakati chini udongo mkavu kabisa. Tafuta kopo kubwa lililo wazi juu na chini, lisimamishe katikati ya kiroba, ndani yake jaza kokoto, pembeni jaza udongo, alafu livute juu kidogo uendelee kujaza hivyo hivyo mpaka ufike juu, ukimaliza unalitoa unabaki na nguzo ya kokoto katikati. Maji unamwagia hapo kwenye kokoto, yanashuka mpaka chini na kusambaa.

Matembele hayahitaji mbegu, omba jirani akukatie vipande vya urefu wa kama kiganja na nusu, toboa ubavu wa kiroba chomeka kila kipande macho mawili (pale majani yanapochipukia) yaingie ndani ya udongo. Mchicha mwagia juu, mbegu zake ndogo sana so changanya na mchanga mkavu zisirundikane, funika na udongo kiduchu tu. Wiki ya nne hivi unaanza kuchuma, usiung'oe, kata juu uache macho machache yachipue tena.

Kotmiri ndo watu wanalalamika haioti. Mbegu yake ni hizi giligilani nzima za kwa muuza viungo, zikiwa sio za zamani sana zinaota. Ile punje moja ndani ina mbegu mbili, izungushie chupa taratibu mpaka ipasuke katikati bila kusagika, loweka usiku mmoja, panda hapo hapo itakapokaa maana haipendi kuhamishwa. Inaweza kuchukua hata wiki mbili kutokeza, usifukue kuangalia! Weka kiroba chake panapopata jua la asubuhi tu, jua letu hili la mchana linaifanya itoe maua mapema na majani yanakuwa machache.

Wadudu wakija, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni ya maji kidogo, nyunyizia jioni mpaka chini ya majani maana huko ndo wanajificha. Baada ya hapo acha siku kadhaa kabla ya kuchuma na osha sana, la sivyo ule uchungu unabaki kwenye jani na mboga yote haitalika.