Jinsi ya Kusoma Azimio la Baraza la Usalama: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Shahada ya Uhusiano wa Kimataifa

Anayeanza shahada ya kwanza ya uhusiano wa kimataifa humiminiwa nadharia tangu wiki ya kwanza. Nadharia zina kazi yake, ila swali linaloangusha wengi kwenye insha na mitihani ni la kawaida kabisa: "Je, azimio hili lilizifunga nchi wanachama, na liliruhusu nini hasa?" Mwanafunzi anajibu kwa alichosikia kwenye taarifa ya habari, kumbe jibu limo ndani ya hati ambayo hakuifungua.

Utahitaji azimio lenyewe, kumbukumbu za kikao lilipopitishwa, Mkataba wa Umoja wa Mataifa (hasa ibara za 24, 25, 27 na 39 hadi 42) na kalamu za rangi mbili. Tenga saa tatu kwa mara ya kwanza. Mfano wetu mkuu ni azimio 1973 la mwaka 2011 kuhusu Libya, kwa sababu karibu kila kosa la usomaji linaweza kufanyika humo.

Hatua ya 1: Pata hati, si habari za hati

Kila hati ya Umoja wa Mataifa ina alama. S/RES/1973 (2011) inasomeka hivi: S ni Baraza la Usalama, RES ni azimio, kisha namba na mwaka. Herufi A badala ya S ni Baraza Kuu. S/PV. ikifuatwa na namba ni kumbukumbu za kikao, neno kwa neno. S/2011/ na namba ni hati nyinginezo za mwaka huo, zikiwemo rasimu na barua za mabalozi. Kwenye kivinjari andika undocs.org, mkwaju (/), kisha alama yenyewe, na hati itafunguka.

Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili hakimo, kwa hiyo tafsiri utakayoiweka kwenye insha ni yako na utaulizwa wewe. Kama unasoma lugha mbili kati ya hizo, fungua matoleo yote mawili. Azimio 242 la tarehe 22 Novemba 1967 linataka majeshi ya Israel yaondoke kwenye maeneo yaliyokaliwa katika vita vya mwaka huo. Toleo la Kiingereza linataja maeneo bila kibainishi (neno dogo kama "the"), la Kifaransa linacho, na ubishi wa kama ni maeneo yote au sehemu tu haujaisha hadi leo. Kiswahili hakina vibainishi vya aina hiyo, kwa hiyo "maeneo yaliyokaliwa" huacha swali wazi. Ukiongeza "yote" au "yale" umeshachukua upande, pengine bila kujua.

Hatua ya 2: Anza na kura

Kabla ya kusoma maudhui, jua nani alipiga kura gani. Baraza la Usalama lina wanachama 15. Watano ni wa kudumu (China, Marekani, Ufaransa, Uingereza na Urusi) na kumi huchaguliwa na Baraza Kuu kwa miaka miwili. Ibara ya 27 inadai kura tisa za ndiyo, na kwa mambo yasiyo ya utaratibu mwanachama wa kudumu akipiga hapana, azimio limekufa. Hiyo ndiyo kura ya turufu. Mwanachama wa kudumu akijizuia, azimio linapita mradi tisa zimetimia. Ukisoma ibara hiyo peke yake hutaliona jambo hili, kwa kuwa ni desturi ya Baraza, iliyokubaliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1971.

Azimio 1973 lilipita tarehe 17 Machi 2011 kwa kura kumi za ndiyo, hakuna ya hapana, na tano zilizojizuia: Brazil, China, India, Ujerumani na Urusi. Yaani lilipita kwa ziada ya kura moja tu.

Hapa Kiswahili chetu cha vyombo vya habari hutega mtego. "Kutopiga kura" hutumika kwa nchi iliyojizuia na hata kwa nchi ambayo haikuwamo ukumbini. Tenganisha. Baraza Kuu lilipopitisha azimio ES-11/1 kuhusu Ukraine tarehe 2 Machi 2022, 141 ziliunga mkono, tano zilipinga na 35 zilijizuia. Jumla ni 181, ilhali wanachama ni 193. Nchi 12 zilizobaki hazikushiriki kabisa, na kutoshiriki ni uamuzi wa aina nyingine unaostahili sentensi yake. Andika "ilijizuia" na "haikushiriki", usichanganye.

Hatua ya 3: Gawanya hati sehemu mbili

Azimio, hata likiwa na aya 29 kama 1973, kisarufi ni sentensi moja ndefu. Kiima chake ni "Baraza la Usalama". Kwanza zinakuja aya za dibaji zisizo na namba, zinazoishia kwa mkato: likikumbuka, likieleza wasiwasi, likizingatia. Kisha zinakuja aya za utekelezaji zenye namba, zinazoishia kwa nukta mkato. Nukta inakuja mara moja, mwishoni kabisa.

Paka dibaji rangi moja na utekelezaji nyingine. Dibaji haiamuru mtu kitu, lakini usiiruke, maana ndimo msingi wa kisheria unamotajwa. Tafuta mambo mawili. La kwanza: Je, Baraza limetamka kwamba kuna tishio kwa amani, uvunjaji wa amani au uchokozi, kama ibara ya 39 inavyotaka? La pili: Je, limesema linatenda chini ya Sura ya Saba ya Mkataba, inayoruhusu vikwazo na nguvu za kijeshi? Dibaji ya 1973 ina yote mawili mwishoni mwake.

Hatua ya 4: Pigia mstari kila kitenzi

Kila aya ya utekelezaji huanza na kitenzi, na vitenzi hivi havichaguliwi ovyo. Wanadiplomasia wanaweza kukesha wakibishania kimoja. Kutoka kizito hadi chepesi, kwa makadirio:

- Yaamua (decides): kwa kawaida ni amri, na ibara ya 25 inawafunga wanachama kuitekeleza.
- Yadai (demands): ni kali, mara nyingi kwa upande unaopigana.
- Yaidhinisha (authorizes): inatoa ruhusa, hailazimishi. Nchi iliyoidhinishwa kutumia nguvu inaweza kukaa nyumbani bila kuvunja sheria yoyote.
- Yatoa wito (calls upon): hapa ndipo penye utata, tutaparudia.
- Yasihi, yahimiza, yaalika: ni ushawishi.
- Yazingatia (takes note of): si sifa wala lawama. Baraza Kuu lenyewe lilisisitiza hivyo katika uamuzi wake 55/488 wa mwaka 2001. Kuandika kwamba "Umoja wa Mataifa uliipongeza ripoti" kwa sababu azimio limeizingatia ni kosa.

Kuna na "yapendekeza". Azimio 83 la tarehe 27 Juni 1950, lililofungua njia kwa majeshi kwenda Korea chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, lilitumia kitenzi hicho kipole. Uingiliaji mkubwa wa kijeshi umewahi kutegemea pendekezo.

Hatua ya 5: Chagua aya moja uichambue hadi mwisho

Chukua aya ya 4 ya azimio 1973. Kwa Kiswahili, na kwa kufupisha kidogo, inasema Baraza linaziidhinisha Nchi Wanachama zilizomwarifu Katibu Mkuu, zikitenda kila moja peke yake au kupitia mashirika ya kikanda, kuchukua hatua zote zinazohitajika, bila kujali aya ya 9 ya azimio 1970 (2011), ili kuwalinda raia na maeneo ya raia yaliyo katika tishio la kushambuliwa, ikiwemo Benghazi, isipokuwa jeshi la kigeni la ukaliaji la aina yoyote katika sehemu yoyote ya ardhi ya Libya.

Uliza maswali haya, kwa mpangilio huu.

Nani? Nchi zilizotoa taarifa kwa Katibu Mkuu, si kila nchi inayojisikia. NATO, muungano wa kijeshi ulioongoza operesheni ya Libya, haikutajwa kwa jina. Iliingia kupitia maneno "mashirika ya kikanda".

Kufanya nini? "Hatua zote zinazohitajika" ni lugha ya kidiplomasia ya nguvu za kijeshi. Azimio 678 la tarehe 29 Novemba 1990 kuhusu Kuwait lilitumia maneno ya jamii hiyo hiyo. Linganisha na azimio 1441 la tarehe 8 Novemba 2002 kuhusu Iraq, lililoonya juu ya "athari kubwa" tu. Sehemu kubwa ya mabishano ya kisheria kuhusu vita vya 2003 yanazunguka tofauti ya misemo hii.

Kwa lengo gani? Kulinda raia. Kuondoa serikali hakukutajwa. Ukitaka kuandika kwamba operesheni ilivuka mpaka, mpaka wenyewe ndio huu.

Kwa kikomo kipi? Kilichokatazwa ni jeshi la ukaliaji. Mwanafunzi anayeandika "azimio lilikataza askari wa nchi kavu" ameongeza neno ambalo halimo.

Kwa kurejea hati gani? Aya ya 9 ya azimio 1970 ilikuwa imeweka marufuku ya silaha kwa Libya. Maneno "bila kujali" ndiyo yaliyozua hoja kwamba waasi wangeweza kupewa silaha. Usipofungua 1970, kipande hiki kitakupita kama upepo. Kanuni yetu ni rahisi: kila azimio linalotajwa ndani ya aya unayoichambua, lifungue.

Hatua ya 6: Pima kama linafunga

Makosa mawili yamezoeleka. Moja ni kusema maazimio yote ya Baraza la Usalama ni sheria. Lingine, linalopendwa na wanaojiona wamekomaa, ni kusema yanafunga yale ya Sura ya Saba tu.

Maoni ya ushauri ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu Namibia, ya tarehe 21 Juni 1971, yanakataa yote mawili. Mahakama ilisema ibara ya 25 haiishii kwenye hatua za Sura ya Saba, na ikatoa mambo manne ya kupima: maneno ya azimio, majadiliano yaliyolitangulia, ibara za Mkataba zilizotajwa, na mazingira yote yanayosaidia kujua athari zake za kisheria. Azimio lililobishaniwa, 276 la mwaka 1970, halikutaja Sura ya Saba, na aya yake ya 5 ilianza na "yatoa wito". Hata hivyo Mahakama iliona aya hiyo inafunga. Kwa hiyo ile ngazi ya vitenzi ni mahali pa kuanzia tu. Anayeishia hapo amefanya robo ya kazi.

Chora jedwali la safu nne, moja kwa kila kipimo, ujaze nukuu fupi na namba ya aya. Safu ikibaki tupu, andika kwamba ni tupu. Nalo ni jibu.

Hatua ya 7: Soma walichosema walipopiga kura

Kumbukumbu za kikao cha 1973 ni S/PV.6498. Usizisome zote kwa uzito sawa. Anza na waliojizuia, kwa sababu wanaounga mkono hurudia maneno ya azimio, ila aliyejizuia hulazimika kueleza shaka yake. Kisha ruka mbele hadi tarehe 4 Oktoba 2011, Urusi na China zilipopigia turufu rasimu kuhusu Syria. Balozi wa Urusi alieleza waziwazi kwamba suala la Syria haliwezi kutenganishwa na yaliyotokea Libya. Mwanafunzi aliyesoma vikao hivyo viwili anaweza kuonyesha kwa ushahidi jinsi tafsiri ya azimio moja ilivyoathiri kura ya lingine. Hapo nadharia zinapata kitu cha kushika.

Hatua ya 8: Andika

Insha ya maneno 1,500 haibebi azimio zima. Chagua aya mbili, tatu zikizidi. Weka dai lako katika aya ya kwanza, nukuu kwa namba ya aya, na panga mwili kwa vile vipimo vinne. Angalia neno "mkataba", ambalo Kiswahili hulibebesha kila mzigo: Mkataba wa Umoja wa Mataifa, mkataba wa nchi mbili, hata mkataba wa nyumba. Litaje kwa jina kamili mara ya kwanza, kisha Mkataba kwa herufi kubwa kwa huo mmoja tu. Usiandike "Umoja wa Mataifa uliamua" pale walioamua ni wanachama kumi kati ya 15.

Kwa zoezi, chukua azimio 2728 la tarehe 25 Machi 2024 kuhusu Gaza. Lilipata kura 14, Marekani ikajizuia. Linadai mapigano yasitishwe mara moja kwa mwezi wa Ramadhani, halitaji Sura ya Saba, na Marekani ilisema halifungi. Tafuta kwenye kumbukumbu neno lililobadilishwa dakika za mwisho kuhusu usitishaji huo uwe wa kudumu au la, na jinsi Urusi ilivyojaribu kulirudisha ikashindwa. Kisha jaza safu zako nne kabla ya kusoma mchambuzi yeyote.