Mdaiwa wako kafilisika? Jua upo wa ngapi kwenye foleni kabla hujamlipa wakili

Kama umewahi kutoa alizeti mali kauli (kwa ahadi ya kulipwa baadaye) pale soko la Kibaigwa unaijua ile ya "nakutumia Jumatatu". Mimi magunia yangu yalipanda fuso jioni, tajiri akaja kutangazwa kafilisika sijaona hata mia. Kosa langu nilikimbilia wakili nikafungua kesi ya peke yangu bila kuuliza foleni ikoje, we usifanye hivyo.

Kwanza jua unamdai nani. Mtu binafsi anaenda na Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, kampuni inaenda na Sheria ya Makampuni ya 2002, zote Mahakama Kuu na masjala ipo hapa hapa Dodoma, huna haja ya kupanda basi la Dar.

Sasa foleni. Mwenye dhamana hapangi kabisa, yaani benki yenye hati ya duka la Majengo inauza duka inachukua chake, pakipungua ndo inarudi kupanga na sisi. Kwenye mali inayobaki zinatoka gharama za ufilisi wenyewe, halafu madai yaliyopewa kipaumbele kama kodi za serikali na mishahara ya wafanyakazi (kwa kiwango cha sheria, sio yote milele), halafu ndo sisi wa mali kauli tunagawana kwa uwiano. Chukua mfano: mali imeuzwa milioni 40, gharama zimekula 6, kodi na mishahara 9, imebaki 25. Wadai wa kawaida jumla wanadai milioni 100. Wewe wa milioni 8 unaondoka na 2. Inauma lakini hesabu ndo hiyo, na haijali nani alipiga kelele kwanza.

Hela ya wakili ndo watu wengi wanapopigwa. Aliyepeleka maombi ya ufilisi mahakamani anatoa mfukoni mwake mpaka amri ya kupokea mali itoke (ile ya mahakama inayoweka mali ya mdaiwa chini ya usimamizi), ikishatoka gharama zake zinakokotolewa, yaani mahakama inazipitia na kupanga kiasi, na kulipwa kwenye mali kabla wadai hatujagawana, maana kawafanyia kazi wadai wote. Ila za kesi yako ya pembeni, hata kama ulishinda na ukapewa gharama kabla ya amri, zinaunganishwa na deni zinapanga mkiani. Na za kuthibitisha deni lako kwa mfilisi (anayesimamia na kugawa mali ya aliyefilisika) unabeba mwenyewe, labda mahakama iseme vingine. Kwa hiyo kaeni wadai watano sita, mchangie wakili mmoja, mpeleke maombi ya pamoja, kila risiti mtunze.

Ukipewa gharama, bili ipelekwe kwa msajili wa mahakama ndani ya siku 60, ndo kanuni za malipo ya mawakili za 2015 zinavyosema, na usiijaze chumvi: ikikatwa zaidi ya moja ya sita (bila kuhesabu ada za mahakama), za ukokotoaji wenyewe hupati. Bili ya milioni 3 ikikatwa laki 6 umeshapoteza hapo. Usiporidhika una siku 21 kwenda kwa jaji.

Deni lako lithibitishe kwa maandishi: daftari, meseji za simu, risiti za mzani, muamala wa simu, vyote. Kama ulishapata hukumu na dalali wa mahakama kakamata mali, muulize fasta kama ameshauza, maana amri ya kupokea mali ikikuta bado haijauzwa, ile mali inarudi kwenye kapu la wote. Na baada ya amri huwezi kumshtaki mdaiwa bila ruhusa ya mahakama.

Halafu akikuita pembeni usiku akupe pikipiki "tumalizane kimyakimya" wakati anajua anazama, usishangilie. Mfilisi akiona umependelewa kuliko wenzako anaweza kuidai irudi, na we ulishaiuza soko la Sabasaba hela umenunulia mbegu.