Kosa la 403 unapotengeneza leseni kwa API ya Keygen

Leseni ya Keygen, huduma ya kutoa na kusimamia leseni za programu, hutengenezwa kwa kutuma ombi la POST kwenye `/v1/accounts/AKAUNTI/licenses`. Jibu likiwa 403, acha kwanza kupekua mwili wa JSON. JSON iliyovunjika hurudisha 400, data isiyokubalika 422, na 401 ni tatizo la tokeni yenyewe, yaani ufunguo wa siri unaomtambulisha anayetuma ombi: haikutumwa, imekosewa au imefutwa. 403 maana yake seva imekutambua, ila mwenye tokeni hiyo hana ruhusa ya unachoomba.

Basi jua kwanza tokeni ni ya nani. Herufi za mwanzo zinasema: `admin-` ni ya msimamizi, `prod-` ya bidhaa, `user-` ya mtumiaji, `activ-` ya leseni. Usiamini jina lililoandikwa kwenye faili ya mipangilio, iulize seva:

```
curl https://api.keygen.sh/v1/accounts/AKAUNTI/me \
  -H "Authorization: Bearer $TOKENI" \
  -H "Accept: application/vnd.api+json"
```

Soma `data.type`. Ikiwa ni `licenses`, umeshapata jibu: tokeni ya leseni haitengenezi leseni nyingine. Ikiwa ni `users`, angalia `role`. Mwenye `read-only` anasoma tu.

Penye `user` wa kawaida ndipo wengi hukwama, na chanzo huwa ni sera, yaani kanuni ambazo leseni hutengenezwa chini yake. Ivute kwa tokeni ya msimamizi kupitia `/policies/KITAMBULISHO` uone `protected`. Ikiwa `true`, mtumiaji hawezi kujitengenezea leseni chini ya sera hiyo. Usikimbilie kuweka `false` ili kosa liondoke! Ukifanya hivyo kwenye sera ya kulipia, kila mwenye akaunti ataweza kujipa leseni bila kulipa. `false` inafaa kwa sera ya majaribio ya bure. Leseni za kulipia zitengenezwe na seva yako, baada ya malipo kuthibitishwa, kwa tokeni ya bidhaa. Tokeni ya msimamizi au ya bidhaa isiwekwe kamwe ndani ya programu unayowapa wateja, kwani anayejua kuifungua ataichomoa.

Tokeni ya bidhaa nayo ina mpaka wake: inashughulikia sera za bidhaa yake tu. Ukiwa na bidhaa kadhaa ni rahisi kunakili kitambulisho cha sera ya bidhaa nyingine. Linganisha `relationships.product.data.id` ya sera na `data.id` uliyoipata kwenye `/me`. Zikitofautiana, badilisha sera au tokeni.

Kama tokeni ilitolewa na orodha maalumu ya ruhusa, hakikisha `license.create` imo. Wanaotumia mazingira tofauti (mfano ya majaribio na ya kazi halisi) waangalie pia kichwa cha ombi cha `Keygen-Environment`: tokeni na sera ziwe za mazingira yanayopatana.

Kila ukibadilisha kitu, rudia ombi lilelile kwa `curl` kabla ya kugusa msimbo wa programu, na badilisha kimoja kimoja.