Kupima kama prednisoloni inamsaidia mtoto mwenye Duchenne

Duchenne ni ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, na huwapata zaidi watoto wa kiume. Prednisoloni haiuponyi, huuchelewesha. Dozi iliyozoeleka ni miligramu 0.75 kwa kila kilo ya mwili kwa siku: mtoto wa kilo 20 humeza vidonge vitatu vya miligramu 5, asubuhi baada ya kula. Daktari ndiye anayeipanga. Vipimo vianze kabla ya kidonge cha kwanza, la sivyo hamtakuwa na cha kulinganishia.

Anza na kuinuka. Mlaze mtoto chali juu ya sakafu ya sementi, miguu mitupu, pasiwe na kiti wala ukuta wa kushikia. Godoro halifai, linabonyea. Anzisha saa ya simu unaposema "haya", uisimamishe akishasimama wima na mikono imeshuka. Hapa ndipo wengi hukosea: husimamisha saa mtoto bado ameinama, amejishika mapaja. Andika sekunde, na uandike pia alivyoinuka: aligeuka kifudifudi kwanza? Alijikwea mapajani kwa mkono mmoja au yote miwili? Sekunde zinaweza kubaki zile zile huku mkono wa pili umeanza kutumika, na hiyo ni dalili ya kuzingatia.

Halafu mwendo wa dakika 6. Masika uwanja huwa tope, kwa hiyo omba korido ya skuli. Pima mita 25, weka kopo kila ncha, mtoto aende na kurudi bila kukimbia. Mtu mzima amfuate nyuma, maana huanguka ghafla. Kwa mfano, njia 13 za mita 25 na mita 10 za ziada ni mita 335. Tofauti ya mita chache isikufurahishe wala kukutisha. Watafiti huijali ikikaribia mita 30.

Rudia kila miezi 3 hadi 6, saa ile ile, kabla hajaenda chuoni wala kucheza. Maneno ya kumhimiza yasibadilike: mzazi mwenye matumaini na dawa humshangilia zaidi, na mtoto hukaza mwendo kwa ajili hiyo. Dawa nyingine, hata ya mitishamba, ikiongezwa katikati hamtajua ipi imefanya kazi.

Umri nao hudanganya. Kabla ya miaka 7 hivi mtoto huweza kuendelea vizuri kwa sababu tu anakua. Ndiyo maana katika majaribio ya dawa baadhi ya watoto hupewa kidonge kisicho na dawa, na anayepima haambiwi nani kapata kipi. Jaribio la FOR-DMD, lililochapishwa 2022, lililinganisha watoto 196 kwa miaka 3: kumeza dawa ya aina hii kila siku kulishinda kumeza siku 10 na kupumzika 10.

Mpime uzito kila mwezi. Prednisoloni huleta njaa, na kilo zikizidi, kuinuka huwa kuzito hata kama misuli haijapungua nguvu. ALT na AST (vipimo vya damu vya kuangalia ini) zikitoka juu, mkumbusheni daktari kwamba misuli nayo huzitoa, si ini peke yake.

Msiikatize dawa ghafla, hata vidonge vikikaribia kwisha. Mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake inayofanana na dawa hii. Akitapika kiasi kwamba kidonge hakikai tumboni, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo na mseme mlangoni kwamba anatumia prednisoloni, kwani huenda akahitaji sindano.