Simu Imefunga na Mwenye Simu Yuko Mbele Yako: Namna ya Kumsaidia Bila Kumsaidia Mwizi

"Nimesahau paswedi, nisaidie." Fundi simu husikia hayo kila siku, na siku hizi si fundi peke yake. Kijana yeyote wa ukoo anayeonekana kujua mambo ya simu huletewa simu ya shangazi na simu ya jirani. Mafundi wenzangu nimewaona wakigawanyika. Wapo wasiogusa kabisa jambo lenye neno paswedi ndani yake, mteja anageuzwa palepale mlangoni kwa kuogopa kesi. Wapo wanaofungua chochote kinachowekwa mezani, mradi hela ipo. Mimi kazi hii naifanya Ngamiani hapa Tanga, na nina vijana wanaojifunza kwangu. Makundi yote mawili nayakataa. Nawaandikia ninavyowafundisha vijana wangu.

Pima jibu lako, usimpime mtu

Usianze kwa kumchunguza mteja kama ni mkweli, kwa sababu huwezi kujua. Mwizi mzoefu huja ametulia, hadithi yake imenyooka. Mwenye mali halisi huja kachanganyikiwa, hana risiti, tarehe ya kuzaliwa aliyoandika wakati wa kufungua akaunti haikumbuki, na maswali yako yanamkera. Ukipima kwa sura utamfukuza bibi wa watu na kumkaribisha mwizi aliyepiga pasi.

Jiulize hivi: hiki ninachotaka kumwambia, akikisikia mwizi kitamfaa? Kama hakitamfaa, mwambie yeyote, hata mtu usiyemjua aliyekupigia simu kutoka mbali. Kama kitamfaa mwizi sawasawa na mwenye mali, kaa nacho.

Chukua ukurasa wa Google wa kurudisha akaunti, g.co/recover. Huo nampa kila anayeuliza, wala simuulizi jina. Ukurasa wenyewe ndio unaodai ushahidi: paswedi ya mwisho unayoikumbuka, namba za uthibitisho kwenye laini yako, simu na mahali ulipozoea kuingilia. Mwizi akifika pale anakwama, mwenyewe anapita. Sasa linganisha na zile mbinu za kuruka akaunti ya Google kwenye simu iliyofutwa, ambazo vijana huita kutoa FRP. Mbinu hizo hazimuulizi mtu chochote. Anayezijua anapita, awe nani. Kufuli hilo la akaunti liliingia kwenye Android toleo la 5.1 mwaka 2015, na Apple walitangulia na lao mwaka 2013 kwenye iOS 7, mfumo wa iPhone. Sababu ilikuwa moja: simu ya wizi ilikuwa ikishafutwa tu inauzika kama ya halali. Fundi anayeliruka kufuli hilo bila ushahidi anairudishia simu iliyoporwa bei yake, na aliyeporwa hayupo mezani kujitetea.

Ndiyo maana kumfundisha mtu kufuta simu kwa vitufe vya pembeni hakunipi wasiwasi. Simu ya Android ikifutwa namna hiyo, ikiwaka itaomba akaunti ileile au pateni ileile ya mwanzo. Wasiwasi wangu pale ni mwingine: picha. Kabla hajabonyeza kitu muulize, "Mama, picha za watoto ziko wapi?" Wengi hawajui kwamba kufuta kunazichukua zote, na wakijua wanaahirisha. Mpe nafasi akae na simu yake usiku mmoja ajaribu pateni zake za zamani, mradi asijaribu kwa fujo, maana kila akikosea simu inamsubirisha muda mrefu zaidi.

Laini kwanza, akaunti baadaye

Huku kwetu karibu kila kitu kimefungwa kwenye laini. Gmail inatuma namba za uthibitisho kwenye laini, Facebook vilevile, WhatsApp ni laini yenyewe. Kwa hiyo mtu akikwambia amepoteza simu na akaunti zote, usihangaike na akaunti. Mpeleke kwanza duka la kampuni ya simu na kitambulisho chake cha NIDA, aweke kidole, arudishiwe namba yake. Laini ikirudi, nusu ya matatizo yanaisha siku hiyohiyo. Nyumba nyingi laini ya mama imesajiliwa kwa jina la mtoto, au la mume aliyeshaondoka, na hapo lazima aliyesajili aende mwenyewe. Mwenye kitambulisho akipiga *106# anaona namba zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Hata kama hajapoteza kitu, mshauri apige.

Tatizo la pili ni letu mafundi na wauza simu, na linaniuma. Mtu ananunua simu mpya, muuzaji anaharakisha, anamfungulia Gmail kwa jina lolote, tarehe ya kuzaliwa ya kubuni, na namba ya uthibitisho anaweka ya kwake. Mteja anaondoka hajui hata kama ana imeli. Baada ya miaka simu inafutika, inaomba akaunti, na yule mama anakaa mbele yangu anasema, "Mwanangu, mimi sijawahi kuwa na imeli." Anasema kweli kwa anavyojua. Hapo usikimbilie kuruka kufuli. Tafuta akaunti kwanza: Google wana sehemu ya kutafuta imeli iliyosahaulika kwa namba ya simu na jina lililotumika. Jaribu namba yake, ya mtoto wake, jaribu jina moja na majina mawili. Muulize alinunua wapi na kama duka lipo, maana mara nyingi muuzaji hutumia mtindo uleule wa paswedi kwa wateja wote, na akipigiwa anakumbuka. Ikishindikana kabisa, aende kwa aliyemuuzia au kituo cha huduma cha kampuni iliyotengeneza simu, akiwa na risiti ya EFD na boksi lenye IMEI, ile namba ya utambulisho ya kila simu. IMEI ya simu inayowaka unaiona kwa *#06#. Ilingane na ya kwenye boksi.

Kwenye ukurasa wa Google, usiwe na haraka

Watu wanashindwa pale kwa sababu ya papara. Fanyeni kwenye simu au kompyuta ambayo mwenyewe amewahi kuingilia, na mahali alipozoea, yaani nyumbani kwake au kazini kwake, kwenye intaneti ileile. Mezani kwako, kwa simu yako, Google inaona mgeni. Swali asilolijua asiliruke, aandike anachokikumbuka. Paswedi ya zamani ina msaada kuliko kuacha wazi. Kama akaunti imeibwa na mwizi amebadilisha namba, Google huweza bado kutuma uthibitisho kwenye namba ya zamani kwa siku 7, kwa hiyo hapo pekee ndipo haraka inahitajika.

Aandike yeye mwenyewe, na wewe geuza uso. Namba za uthibitisho zikija, zisomwe na mwenye simu, ziandikwe na mwenye simu. Ukimzoesha mama kukusomea zile namba sita kwa sababu wewe ni fundi mzuri, umemzoesha kuzisoma kwa yeyote atakayempigia kesho na kusema ni fundi.

WhatsApp ni fupi. Namba ikirudi, anaingia. Akiwa aliweka PIN na ameisahau, na hakuweka imeli, anasubiri siku 7, basi. Hakuna wa kumlipa. Facebook iliyoibwa ina ukurasa wake, facebook.com/hacked. Namba ya siri ya M-Pesa au ya mtandao mwingine wa pesa fundi haigusi kabisa: apige 100 au aende dukani kwao na kitambulisho. Ruta ya nyumbani irudishwe kama ilivyotoka kiwandani kwa kale katufe ka nyuma, paswedi ya mwanzo imeandikwa kwenye stika.

iPhone iliyofungwa na akaunti ya Apple: iforgot.apple.com kwa mwenyewe, na kama akaunti haipatikani, Apple wenyewe hupokea uthibitisho wa ununuzi na kuondoa kufuli. Aliyenunua mkononi kwa mtu, bila risiti, arudi kwa aliyemuuzia. Najua inauma mtu katoa laki kadhaa. Lakini simu hiyo ina mtu wa kwanza mahali fulani.

Na umwonye kila mteja juu ya wale wanaojitangaza mtandaoni kwamba wanarudisha akaunti kwa malipo. Wanaomba hela ya kuanzia, kisha hela ya kumalizia, kisha zile namba sita. Mtu aliyepoteza akaunti yuko tayari kuamini lolote, wanamjua. Ujumbe wa tapeli kwenye simu autume kwenye namba 15040, ya kuripoti matapeli.

Simu ikiwa si ya aliyeileta

Hapa ndipo penye uzito. Mume analeta simu ya mke. Mke analeta simu ya mume, analia. Mimi sifungui, na nawaambia vijana wangu wasifungue hata kwa huruma. Hujui kilichomo, na hujui usiku huo nyumbani kutatokea nini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini, na Kenya wana yao ya mwaka 2018, lakini hata isingekuwapo sheria nisingefungua. Sema kwa upole na usihubiri: "Dada, hii atakuja mwenyewe na simu yake, nitamhudumia." Usimuulize anatafuta nini.

Mzazi mwenye simu ya mtoto mdogo ni jambo jingine. Kama akaunti ilifunguliwa kupitia Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, mzazi anabadilisha paswedi kwenye simu yake mwenyewe, na kama haikufunguliwa hivyo, muonyeshe namna ya kuanza.

Kisha kuna simu ya marehemu. Familia inakuja baada ya arobaini, wanataka picha, sauti, majina ya wadaiwa. Hawa nawakalisha, nawapa muda wote wanaohitaji. Laini ya marehemu isitumike kupokea namba za uthibitisho kwa siri, wala pesa zake za kwenye simu zisitolewe kwa kubahatisha PIN, maana ndugu wakija kugombana, simu hiyo itakuwa ya kwanza kutajwa. Waende na cheti cha kifo, wamteue msimamizi wa mirathi mahakamani, kisha kampuni ya simu na benki zitazungumza naye. Google na Apple nao hupokea maombi ya familia, ingawa huchukua muda na hawatoi paswedi. Rahisi zaidi ni marehemu mwenyewe kuwa alipanga akiwa hai: Google wana mpangilio wa akaunti iliyokaa bila kutumika, Apple wana mrithi wa akaunti tangu iOS 15.2. Wazee wanaokuja kwangu nawaeleza hilo bila kuona haya, na mara nyingi wao ndio wanaolipokea vizuri kuliko vijana.

Kwa nini huruma peke yake haitoshi

Kijana wangu mmoja huniambia mimi ni mgumu. Humjibu kwa kisa cha Mat Honan, mwandishi wa habari za teknolojia wa Marekani, Agosti 2012. Waliomwibia hawakuvunja programu yoyote. Walipiga simu huduma kwa wateja ya Amazon, wakapata njia ya kuona tarakimu nne za mwisho za kadi yake ya benki. Wakapiga Apple, wakataja anwani na tarakimu hizo, mhudumu akawapa paswedi ya muda. Simu yake, kishkwambi chake na kompyuta yake vikafutwa kutoka mbali, pamoja na picha za binti yake. Kila mhudumu aliyepokea simu ile alidhani anamsaidia mteja aliyesahau.

Miaka minne kabla, mwaka 2008, barua pepe ya Sarah Palin, aliyekuwa mgombea mwenza wa urais, ilifunguliwa na mwanafunzi aliyejibu tu maswali ya kurudisha paswedi: tarehe ya kuzaliwa, eneo anakoishi, alikutana wapi na mumewe. Yote yalikuwa hadharani. Kwa hiyo mteja wako akiulizwa shule ya msingi aliyosoma au jina la mama yake, mwambie asijibu la kweli. Aandike neno lolote, mradi analikumbuka, maana shule yake mtaa mzima unaijua.

Kabla hajaondoka mezani

Simu ikishafunguka kazi haijaisha, na hapa ndipo fundi mwenye moyo anaonekana. Fungua naye mpangilio wa akaunti, mkague namba ya uthibitisho iliyomo. Kama ni ya muuzaji, ya fundi au ya laini aliyoitupa, ing'oeni muweke ya kwake, na imeli ya pili ya mtu anayemwamini. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswedi pamoja na uthibitisho wa pili, kisha achukue zile namba 10 za akiba ambazo Google hutoa za kuingilia siku simu haipo, aziandike kwa mkono kwenye daftari la nyumbani linalokaa na vyeti vya watoto, asizipige picha. Kama hajui kuandika, mtu wa nyumbani kwake aje aandike, wewe usiandike wala usibaki na nakala. Mwishowe mwambie atoke kwenye akaunti kisha aingie tena mwenyewe, mbele yako, bila msaada wako. Akikwama afundishwe tena, hata kama foleni ni ndefu.