Kiini cha koili: ferite au unga wa chuma?

Pete ya njano yenye upande mmoja mweupe, inayotolewa kwenye pawasaplai za kompyuta, kwa kawaida ni unga wa chuma, mchanganyiko namba 26. Ya kijivu iliyokoza, isiyopakwa rangi, mara nyingi ni ferite, yaani kauri ya sumaku yenye oksidi ya chuma. Usiamini rangi peke yake. Zungusha waya mara 10, pima henri kwa mita ya LC (kipimo cha koili na kapasita), gawa jibu kwa 100. Ukipata nanohenri makumi kadhaa, ni unga. Ukipata maelfu, ni ferite ya manganizi na zinki.

Kwenye saketi ya kushusha volti, unga huvumilia mkondo wa DC kwa sababu mianya midogo imetapakaa ndani yake, hivyo henri za koili hupungua polepole mkondo unapoongezeka. Ferite isiyo na mwanya hujaa sumaku ghafla, karibu na tesla 0.3 ikiwa ya moto; mkondo unapaa na transista inaungua. Ukiitumia hapo, lazima uiachie mwanya.

Hata hivyo, namba 26 hupata joto sana ukizidi 100 kHz, na joto la muda mrefu huharibu gundi yake, upotevu ukaongezeka. Hapo chukua sendasti (unga wa aloi ya chuma, silikoni na alumini). Transfoma ya frikwensi ya juu? Kwa kawaida ferite.