Kuiboresha Mashine ya Santuri Iliyotumika, Hatua kwa Hatua
Ukinunua mashine ya santuri iliyotumika katika masoko ya Mwanza kama Mlango Mmoja, anza na sindano kabla ya kufikiria spika mpya, kwa sababu sindano iliyolika haipotoshi sauti tu, bali pia huchimba mifereji ya santuri, na madhara hayo hayarekebishiki kamwe. Sindano ya almasi hudumu takribani saa 500 hadi 1,000, na kwa kuwa ni nadra muuzaji kujua imetumika kiasi gani, ni busara kuibadilisha.

Kisha tafuta mizani ndogo ya kidijitali, kama ile ya wanunuzi wa dhahabu, upime mgandamizo wa sindano. Katriji nyingi za sumaku, yaani vichwa vidogo vinavyoshika sindano, huhitaji gramu 1.5 hadi 2, ingawa kiwango cha mtengenezaji ndicho cha kufuata. Usipunguze mno ukidhani unailinda santuri: sindano inayorukaruka huikwaruza zaidi.

Kubadilisha mkanda uliolegea, unaoyumbisha mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika, hugharimu kidogo. Amplifaya isiyo na tundu la fono, yaani la kuunganishia mashine ya santuri, itahitaji kikuza sauti cha awali. Katriji ya bei kubwa isubiri hadi hayo yote yakamilike.